Mwenye lugha mbili asipimwe kwa lugha moja

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako. Habari za kiharusi zikiandikwa, mkono na mguu ndivyo hupewa aya nyingi. Maneno huachiwa mstari mmoja tu, kwamba mgonjwa "amepoteza usemi". Wengi wao hawajapoteza. Anayetazama kitana mezani anakijua, anaweza kuonyesha kwa mkono kinavyotumika, na anajua kabisa kwamba kina jina. Jina ndilo haliji. Hali hiyo ni afasia, yaani ugumu wa lugha unaoletwa na jeraha la ubongo. Takriban mtu 1 kati ya 3 wanaopata kiharusi huwa nayo siku za mwanzo, na kushindwa kutaja majina ya vitu ni dalili ambayo karibu kila mwenye afasia huwa nayo, awe anayetoa neno mojamoja kwa tabu au anayemimina maneno yasiyoshikika.

Wasomaji wako wengi wana lugha zaidi ya moja. Wakipata afasia, huonyeshwa picha wazitaje kwa lugha moja, mara nyingi ile iliyo rahisi kwa mpimaji. Alama zinajumlishwa, zinaandikwa kwenye faili, na tangu siku hiyo zinakuwa ndizo hali ya mgonjwa. Sisi tunaotibu usemi na lugha tunasema alama hizo ni nusu ya habari, na pengine nusu isiyo na faida. Zaidi ya hapo, lugha ya pili, ambayo wengi huiona usumbufu, ni kipimo ambacho kwa mgonjwa wa lugha moja hatunacho.

Tueleze kwa picha ya mkasi. Mtu mzima mwenye afya akiiona huanza kutamka jina baada ya kama sehemu 6 za kumi za sekunde. Katika muda huo mfupi ameitambua picha, amefikia maana (chombo, cha kukatia, cha chuma, makali mawili), amechagua neno, amepanga sauti zake, kisha ameutuma mpango huo mdomoni. Mwenye lugha mbili ana ghala moja la maana kwa sehemu kubwa, lakini kutoka hapo huamka maneno mawili kwa pamoja, "mkasi" na "scissors" tuseme, hata kama anatakiwa kutumia lugha moja tu. La pili lazima likandamizwe ili la kwanza litoke. Mtafiti David Green alilieleza jambo hilo tangu mwaka 1986, na mpaka leo ndiyo njia nzuri zaidi ya kuelewa kwa nini mgonjwa mmoja hujibu kwa lugha ambayo hakuulizwa.

Sasa mpimaji anauliza kwa Kiswahili, "Hiki ni nini?" Mgonjwa wa kwanza anasema "kisu". Wa pili anasema "mkashi". Wa tatu anasema "ile ya kukatia nguo, ile ya fundi". Wa nne anasema "scissors". Kwenye karatasi ya alama wote wanne wamepata sifuri. Lakini wa kwanza amechukua neno la jirani, kwa hiyo ama maana imefifia ama uteuzi wa neno umeteleza. Wa pili ana maana sahihi na neno sahihi. Sauti ndizo zimechanganyika wakati wa kupangwa. Wa tatu ana maana nzima kabisa, njia ya kufikia neno ndiyo imeziba. Na wa nne amefika hadi mwisho wa safari, ila kwa barabara ya pili. Anayewapa wote sifuri na kufunga faili amepoteza kila kitu ambacho mgonjwa alimwambia. Ndiyo maana shauri letu la kwanza kwa yeyote anayepima ni kuandika jibu kama lilivyotamkwa, herufi kwa herufi, na kuacha alama za tiki na msalaba kwa baadaye.

Hapo ndipo lugha ya pili inapolipa. Kwa kuwa maana ni ya pamoja, maana ikiharibika uharibifu hujitokeza katika lugha zote mbili, na mara nyingi kwa vitu vilevile: anayeita mkasi "kisu" kwa Kiswahili atauita hivyo pia kwa Kiingereza. Tatizo likiwa katika njia ya kufikia neno au katika kupanga sauti, lugha hizo mbili zinaweza kutofautiana. Picha 7 zinashindikana kwa Kiswahili na kutajwa vizuri kwa lugha nyingine, na 5 nyingine zinakuwa kinyume chake. Kuhakikisha, chukua kila picha iliyoshindikana umpe maneno 4 ya kuchagua, kwa kusikia au kwa kusoma: mkasi, kisu, wembe, sindano. Akichagua sawa bila kusita, maana iko salama. Akiyumba kati ya mkasi na wembe katika lugha zote mbili, tiba ianzie kwenye maana, na mazoezi ya kurudia sauti yangoje.

Kabla ya picha yoyote kuonyeshwa, kuna maswali ya kuulizwa familia. Lugha ipi aliisikia kwanza, na ya pili aliianza akiwa na umri gani? Shuleni alifundishwa kwa ipi? Kabla ya kuugua, kwa siku ya kawaida, nyumbani alitumia ipi, kazini ipi, ibadani ipi, kwenye simu ipi? Anasoma na kuandika kwa ipi? Alikuwa akichanganya katika sentensi moja? Maswali haya huchukua robo saa na hurukwa karibu kila mara. Bila majibu yake, mpimaji anaweza kuhesabu kama hasara neno ambalo mtu hakuwahi kuwa nalo. Watu wenye lugha mbili hawana kamusi mbili kamili zinazolingana. Vyombo vya jikoni huweza kuwa katika lugha ya nyumbani, na vya ofisini katika lugha ya kazi. Mhasibu aliyejifunza kazi yake kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza akikosa neno "leja" kwa lugha ya bibi yake, kiharusi hakihusiki.

Kuna mitego mingine ya namna hiyo ndani ya lugha zenyewe. Kiswahili kina "mkono" kwa kiganja hadi begani, "mguu" kwa wayo hadi nyongani, "kidole" kwa mkono na kwa mguu, na "saa" kwa ya ukutani na ya mkononi. Mgonjwa anayeonyeshwa picha ya mkono mzima kwa Kiingereza akajibu "hand" huenda hana kosa la afasia hata kidogo. Ndivyo amekuwa akisema kwa miaka 40. Asiyejua Kiswahili atamwandikia kosa la maana.

Majaribio yaliyotafsiriwa neno kwa neno ni tatizo kubwa zaidi. Jaribio la picha linalojulikana kuliko yote, Boston Naming Test, toleo lake la mwaka 1983, lina michoro 60 iliyopangwa kutoka vitu vya kawaida kama kitanda hadi vya nadra kama abakasi (fremu ya shanga za kuhesabia). Humo mna igluu (nyumba ya barafu), mna biva (mnyama wa mtoni), mna pretzeli (mkate uliosokotwa). Kwa mtu aliyekulia Amerika ya Kaskazini mpangilio huo una mantiki. Ukiutafsiri, ngazi yote inavunjika: kilichokuwa rahisi kinakuwa kigumu, vingine havina jina la neno moja, na alama ya 35 kati ya 60 haikuambii tena chochote. Tena hata wenye afya nzuri kabisa wenye lugha mbili kwa kawaida hupata alama pungufu katika jaribio hili kuliko wa lugha moja. Mtafiti Tamar Gollan na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba wazee waliomudu Kihispania na Kiingereza kwa kiwango kinachokaribiana walipandisha alama walipohesabiwa jibu la lugha yoyote kati ya hizo mbili. Ukiwa na kipimo kinachomshusha mtu mzima mwenye afya, huwezi kukitumia kumpima mgonjwa bila marekebisho.

Kwa hiyo ninyi mnaopima, tengenezeni seti yenu ya picha. Picha 30 hadi 40 zinatosha kwa kuanzia. Chagueni picha za wazi, kitu kimoja kwa kila karatasi, bila mandhari nyuma yake. Kisha, na hapa ndipo wengi huchoka na kukata kona, waonyesheni watu wazima wenye afya wasiopungua 5, wa rika la mgonjwa na wenye lugha hizohizo mbili. Picha ambayo haikupata jina moja kutoka kwa angalau wanne kati ya watano, itupeni. Mtashangaa ni ngapi zitaanguka: kile mlichodhani ni "kabati" wawili watakiita "shubaka" na mmoja "almari". Changanyeni maneno mafupi na marefu, maana anayeshindwa kupanga sauti hujikwaa zaidi kwenye neno refu, na Kiswahili kina mengi ya silabi 3 na 4. Wekeni pia vitendo. Mtu anaweza kutaja vitu 20 na asiweze kutaja "anakata", "anamwaga", "anasukuma", au kinyume chake, na bila picha za vitendo hamtajua.

Upimaji wenyewe ufanyike siku mbili tofauti, lugha moja kila siku, na mpimaji wa siku hiyo azungumze lugha ya siku hiyo tangu salamu. Ukisalimia kwa Kiswahili kisha ukauliza majina kwa Kiingereza, umeziamsha lugha zote mbili halafu unamlaumu mgonjwa kwa kuchanganya. Afanyiwe asubuhi, dakika 30 hadi 40 zisizidi, akiwa amevaa miwani yake na kifaa chake cha kusikia kama anacho. Picha iwekwe upande anaouona: kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo mara nyingi hula uwezo wa kuona upande wa kulia, na mtu asiyeiona nusu ya picha hawezi kutaja jina zima. Kila picha apewe sekunde 20 kamili. Ukimya wa sekunde 12 kwa anayesubiri ni mrefu mno, na ndiyo maana wapimaji wengi huingilia kati sekunde moja kabla jina halijatoka.

Jina lisipotoka baada ya sekunde 20, toa kwanza kidokezo cha maana ("fundi wa nguo hukitumia"), kisha kidokezo cha sauti, na andika kipi kilisaidia. Kidokezo cha sauti kikimwezesha, neno lipo na sauti zake zipo, ila zilihitaji kusukumwa.

Lakini kidokezo cha sauti kwa Kiswahili kina kasoro ambayo miongozo iliyoandikwa kwa Kiingereza haiisemi, na tunaomba watu waiangalie kwa makini. Miongozo hiyo husema, mpe sauti ya kwanza ya neno. Kwa Kiingereza sauti ya kwanza hubagua sana. Kwa Kiswahili sauti ya kwanza mara nyingi ni kiambishi cha ngeli. Ukimwambia "ki...", umemwachia kiti, kisu, kijiko, kikombe, kioo, kiatu na mamia mengine. Ukiongeza ukasema "kita...", bado kuna kitana, kitanda, kitabu na kitasa. "Mka..." inaacha mkasi, mkanda, mkaa, mkataba. Mgonjwa akishindwa baada ya "ki...", anaandikiwa kwamba vidokezo vya sauti havimsaidii, kumbe hajapewa kidokezo. Kwa majina ya KI-VI, M-MI, M-WA na U, kidokezo kifike kwenye mzizi: "kij...", "mkas...", "ufun...". Kwa majina yasiyo na kiambishi kinachosikika, kama simu, meza, kalamu, sahani, sauti ya kwanza inatosha. Kwa vitendo, "ku..." haina kazi kabisa, anza na "anaka..." huku ukionyesha picha ya anayekata.

Kwa upande mwingine ngeli ni msaada ambao Kiingereza hakina. "Nipe hiki..." na "nipe huu..." zinapunguza uwanja kabla ya sauti yoyote ya jina kutamkwa, na tunaona inafaa kuwekwa kati ya kidokezo cha maana na kile cha sauti, kama ngazi ya katikati. Ila hapo swali la kawaida lenyewe lina mtego: "Hiki ni nini?" likiulizwa kwa kila picha linaashiria KI-VI hata kwa mkasi. Bora mpimaji aonyeshe kidole aulize, "Jina?" Na makosa ya ngeli yaandikwe kivyake. Anayesema "kikasi" ameshika mzizi akakosa kiambishi. Anayesema "mkashi" ameshika kiambishi akayumba kwenye mzizi. Hawa wawili hawahitaji zoezi moja.

Kuhusu jibu la lugha nyingine. Familia huogopa sana mgonjwa "anapochanganya lugha", na baadhi huambiwa ni dalili mbaya. Mara nyingi ni werevu: neno moja halikuja, akatoa lililokuja, kama alivyofanya maisha yake yote akiwa na wenye lugha hizohizo. Wasiwasi uanze akijibu kwa lugha ambayo anayemsikiliza haijui, haoni tofauti, na akikumbushwa hawezi kurudi. Kumbusha mara moja kwa upole, kisha tazama. Akisita, akajirekebisha au akatikisa kichwa kwa kuudhika, breki ya kuzuia lugha nyingine ipo ingawa ni dhaifu. Asipogundua lolote, tatizo liko katika kuongoza lugha, wala si katika maneno. Mwaka 2000 Jubin Abutalebi na wenzake waliripoti mgonjwa wa lugha tatu aliyeruka kutoka lugha moja hadi nyingine bila kukusudia, na jeraha lake lilikuwa ndani ya ubongo wa kushoto, chini ya gamba lake la nje, kwenye vituo vinavyohusika na kuchagua na kuzuia.

Alama zihesabiwe kwa mafungu manne: picha zilizotajwa kwa lugha zote mbili, kwa lugha A pekee, kwa lugha B pekee, na zisizotajwa kabisa. Tuseme picha ni 30. Kwa Kiswahili alipata 13, kwa lugha ya pili 12. Kila mpimaji peke yake ataandika kwamba zaidi ya nusu imepotea. Sasa angalieni mafungu: zote mbili 6, Kiswahili pekee 7, lugha ya pili pekee 6. Jumla ya vitu alivyoweza kuvitaja ni 19. Huyu mtu, akiruhusiwa kutumia lugha zake zote na akazungumza na anayezijua, anaweza kujieleza kwa karibu theluthi mbili ya picha zilezile. Angekuwa na 12 kwa zote mbili, 1 kwa Kiswahili pekee na lugha ya pili pekee 0, alama zake za kila lugha zingekuwa zilezile 13 na 12, lakini angekuwa mgonjwa mwingine kabisa, na tungetafuta kasoro kwenye maana.

Pale mkalimani anapohitajika, akae na mpimaji dakika 10 kabla. Wakalimani, na hasa ndugu, husafisha maneno bila kujua. Mgonjwa anasema "mkashi", mkalimani anasema "amesema mkasi", na kosa tulilokuwa tukilitafuta limefutwa kwa heshima. Aambiwe waziwazi: rudia kama ulivyosikia, hata kama ni upuuzi. Simu iwekwe mezani irekodi, kwa ruhusa ya mgonjwa.

Ni lugha ipi itarudi? Swali hili tunaulizwa na kila familia, na watu wa zamani walikuwa na majibu ya haraka. Théodule Ribot, katika miaka ya 1880, alitetea lugha iliyojifunzwa kwanza. Albert Pitres, mwaka 1895, alisema ile iliyotumika zaidi kabla ya ugonjwa. Wote wawili hupata wagonjwa wa kuwaunga mkono na wagonjwa wa kuwakanusha. Michel Paradis mwaka 1977 alipanga namna mbalimbali za kurejea: zote kwa pamoja, moja ikizidi nyingine, moja ikisubiri mwenzake ipone, moja ikipanda huku nyingine ikishuka, zikichanganyika, au moja kutorudi kabisa. Ya kwanza, kurejea kwa pamoja, ndiyo ya kawaida zaidi. Zile za ajabu zipo, lakini ndizo huandikwa sana kwa sababu ni za ajabu. Mwaka 1982 Paradis na wenzake walieleza habari za mtawa aliyezungumza Kifaransa na Kiarabu nchini Morocco ambaye siku moja alikuwa na lugha hii, siku ya pili ile, na aliweza kutafsiri kwenda katika lugha ambayo siku hiyo hakuweza kuizungumza mwenyewe. Tunamtaja kwa sababu moja: angepimwa siku moja kwa lugha moja, faili lake lingekuwa uongo mtupu.

Na ieleweke kwamba lugha mbili hazimkingi mtu na afasia. Huko Hyderabad, India, Suvarna Alladi na wenzake walichunguza wagonjwa 608 wa kiharusi na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Waliobaki na akili timamu walikuwa asilimia 40.5 ya wenye lugha zaidi ya moja, na asilimia 19.6 ya wa lugha moja. Lakini kwa upande wa afasia hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo.

Tiba tunayoipendekeza kwa majina ni ile ya kuchambua sifa. Weka picha katikati ya karatasi, uizungushie visanduku 6: ni cha kundi gani, kina kazi gani, kinafanya nini, kikoje, kinapatikana wapi, kinakukumbusha nini. Mgonjwa anajaribu jina kwanza. Lije lisije, mnajaza visanduku vyote, kwa kusema au kuandika, kisha anajaribu tena. Likikataa, unalisema wewe, analirudia, mnasoma visanduku mara ya mwisho. Picha 10 zinatosha kwa kipindi kimoja. Kosa linaloharibu zoezi hili ni mtaalamu kujaza visanduku mwenyewe ili muda usiishe. Kazi iko katika kutafuta sifa. Akipewa zikiwa tayari, hajafanya lolote. Na anapokwama kurudiarudia jibu la picha iliyopita, funika picha, ngoja sekunde 10, zungumza jambo jingine, ndipo mwendelee. Kumsukuma wakati huo huligandisha lile neno baya.

Kabla ya kuanza, mpimeni mara 3 kwa siku tofauti kwa picha 20, kisha mfundishe 10 tu kati yake na 10 muziache. Zikipanda zote sawasawa bila kufundishwa, huenda ni ubongo unapona wenyewe. Zikipanda zilizofundishwa pekee, tiba inafanya kazi ila haijaenea. Pimeni na tafsiri zake katika lugha ya pili, ambazo hamkuzigusa.

Tufundishe kwa lugha ipi? Lisa Edmonds na Swathi Kiran waliripoti mwaka 2006 juu ya watu 3 wa Kihispania na Kiingereza. Kwa wale ambao lugha zao hazikulingana, kufundisha lugha iliyokuwa dhaifu kuliinua na ile yenye nguvu pia. Watu 3 ni wachache, na kazi zilizofuata zimeonyesha kwamba faida ndani ya lugha iliyofundishwa ni ya kawaida, ila kuvuka kwenda lugha ya pili si kwa kila mtu. Sisi hatumfungi mtu kwenye lugha moja. Tunauliza atazungumza na nani kesho asubuhi, tunaanza na lugha hiyo, na tunaipima nyingine kila wiki. Maneno pacha tunayatanguliza, kwa kuwa yanavuka kirahisi zaidi: shati, baiskeli na penseli kwa wa Kiingereza, kitabu, kalamu na sabuni kwa wa Kiarabu. Kwa lugha za Kibantu, mzizi hufanana na kiambishi kutofautiana, kwa hiyo zoezi lisisitize mzizi.

Kuhusu wingi wa tiba, uchambuzi wa kimataifa uitwao RELEASE, uliochapishwa mwaka 2022, ulikuta maendeleo makubwa zaidi ya lugha kwa jumla kwa waliopata saa 20 hadi 50 za tiba. Mgonjwa anayepewa nusu saa mara moja kwa mwezi atahitaji zaidi ya miaka 3 kuifikisha hiyo 20. Hapo ndipo nyumbani panapohitajika, lakini nyumbani pasigeuzwe chumba cha mtihani. Kumshikia mtu kijiko usoni ukimwambia "sema, unakijua!" hakumfundishi chochote. Mpeni muda, hesabuni hadi 10 kimoyomoyo. Mpeni chaguo mbili. Kalamu na karatasi ziwe karibu, maana wapo wanaoandika herufi ya kwanza ya neno wasiloweza kulitamka. Msimmalizie sentensi mpaka aombe.

Na yule anayeishauri familia iache lugha moja nyumbani "ili asichanganyikiwe", atuonyeshe alipimwa kwa lugha ngapi kabla ya ushauri huo kutolewa.

Ni sisi,
Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha